Dawa Iliyoniachia Ulimi Wangu

Mabinti zangu wa soko la maziwa, mlipokuja nyumbani mkakaa kwenye mkeka wangu mkaniuliza maswali ya maziwa, nilifurahi kuliko mlivyoona usoni. Mtu akistaafu hudhani soko limeshamfuta. Mliniuliza namna ya kutambua maziwa yaliyotiwa maji, namna ya kufukiza chombo, na kwa nini maziwa ya ngamia wakati wa mvua hayana ladha sawa na ya kiangazi. Halafu Sahra, ambaye haya haijawahi kumtembelea, akauliza, kwa lile jina la mama mdogo mnaloniita: "Habo, ni kweli ulikuwa unakunywa dawa za daktari wa akili?"

Wenzake wakamkanyaga mguu. Mimi nikacheka, nikawaongezea chai, nikasema nitamjibu.

Sasa namjibu, na maswali ya maziwa nayajibu humuhumu, kwa sababu kwangu mambo hayo yalishikana.

Aliyenifundisha kazi ni dada wa baba yangu, Eedo Barwaqo. Mwanamke mfupi, sauti yake ukiisikia ulidhani inatoka kwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Alinitoa Balambala nikiwa bado sijaolewa, akanileta Garissa mjini, akanikalisha mbele ya vyombo. Wakati huo maziwa yalikuja ndani ya dhiil, vile vyombo vya kusukwa vinavyofukizwa kwa makaa ya mti mpaka maziwa yanachukua harufu ya moshi. Baadaye ikaja mitungi ya plastiki ya manjano, ambayo ilibeba mengi lakini ikishashika harufu mbaya haiiachi. Nyinyi mmekuta mitungi ya alumini na mashine ya kupoza. Shukuruni Mungu, lakini mashine haionji.

Kuonja ni hivi. Asubuhi usile kitunguu, usile chochote chenye viungo. Sukutua kwa maji. Chukua maziwa kidogo, yaache yakae chini ya ulimi, usizungumze na mtu. Maziwa mazuri huacha utamu mwembamba na chumvi ya mbali; wakati wa mvua utamu huzidi kwa sababu ngamia hula majani mabichi, na kiangazi chumvi huzidi. Yanayotaka kuharibika hukuuma kidogo pembeni mwa ulimi, hata kama pua haijasikia kitu. Yenye maji hayakai. Yanakimbia kooni kama mgeni aliyeiba. Kisha tema. Eedo alikuwa akinipiga kofi la mgongo nikimeza. "Unakunywa faida yetu!"

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumimina maziwa ya jioni ndani ya maziwa ya alfajiri ili nipunguze vyombo vya kuosha. Kufika adhuhuri yote yalikuwa yamechacha. Eedo hakunigombeza. Alinipeleka mwisho wa soko wanakosimama wazee wanaopenda susa, maziwa yetu yaliyochachushwa, akaniambia nitangaze kwa sauti yangu mwenyewe kwamba leo kuna susa nyingi kwa sababu Dahabo ni mvivu. Wazee walinunua yote. Na mpaka leo kuna mmoja akiniona huniuliza kama uvivu umerudi, kwa sababu susa ile ilikuwa tamu.

Nikakua katika kazi. Ikafika mahali kikundi chetu cha akina mama kikawa hakipeleki maziwa hotelini, wala hakipakii ya Nairobi kwenye basi, kabla sijaonja. Wenye hoteli walisema, "Kama Dahabo ameonja, bandika chai." Nilijivuna, mbona nisijivune?

Sasa woga. Nao hauchagui mtu asiye na kazi nzuri.

Sikuwa nimefiwa, wala mume wangu hakuwa ameniudhi. Ilikuwa msimu wa mvua, barabara ya Balambala imejaa tope, na gari la maziwa limechelewa. Magari yalichelewa kila mvua, si jambo geni. Lakini asubuhi hiyo moyo wangu ulianza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Mikono ikaingia ganzi, kifua kikabana, na nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nakufa. Nikaanza kutoa shahada. Wenzangu wakanimwagia maji. Mwishowe gari likafika, maziwa yakashushwa, na mimi nikawa sijafa. Nilibaki nimelowa na nimeaibika.

Ikarudi wiki hiyohiyo. Halafu ikawa inarudi hata gari lisipochelewa. Ikafika hali nikisikia tu honi, jasho linanitoka. Hospitalini wakanipima moyo kwa nyaya, wakapima damu, wakapima presha. Sisi tuliojifunza Kiswahili sokoni, herufi p hutuponyoka ikawa b, basi nilimwambia yule kijana wa mapokezi, "Moyo wangu unabiga, unabiga sana, labda ni bresha." Akaniuliza kwa upole unabiga nini. Hata katikati ya kufa nilicheka.

Moyo wako ni mzima, waliniambia. Nikarudi tena, wakaniambia vilevile. Unajua ni vigumu kiasi gani kuambiwa u mzima huku unakufa? Eedo Barwaqo, ambaye alikuwa ameshazeeka sana, alisema ni jini. Nikasomewa Kurani, na wallahi moyo ulitulia nikisomewa, na mpaka leo sijaacha kusoma. Lakini asubuhi honi ilipolia, jasho lilirudi. Nikaanza kukaa nyumbani. Binti yangu Ifrah akawa anakwenda sokoni badala yangu, naye ulimi wake ulikuwa bado haujakomaa, na wenye hoteli wakaanza kuuliza mimi niko wapi.

Ni Ifrah aliyeniambia daktari wa mwisho aliyenipima ameandika nipelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili. Kwetu mama na mwanawe huitana Hooyo, yaani mama, basi nilimuuliza, "Hooyo, mimi ni mwendawazimu?" Akasema, "Hapana, Hooyo. Wewe ni mtu ambaye haendi tena kazini."

Nilikwenda. Lakini sikiliza nilivyokwenda. Mimi sivai nikabu, mnanijua, uso wangu soko zima linaujua. Siku hiyo niliazima nikabu ya jirani, nikajifunika yakabaki macho, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wa daktari. Karibu yangu alikaa mwanamke mwingine mwenye nikabu. Tukakaa kimya kama mitungi miwili. Baadaye akaniinamia sikioni: "Dahabo, maziwa ya jana yalikuwa mazuri, mwambie Ifrah ahsante." Alinijua kwa viatu! Na mimi nikamjua kwa sauti: alikuwa mke wa mwenye hoteli tunayemuuzia kila siku. Naye nikabu yake ilikuwa ya kuazima. Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kutazama. Kwa nusu saa ile ya kusubiri nilipona kidogo, kabla hata sijapewa dawa.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu wa Meru, jina lake Daktari Kendi, mdogo kuliko nilivyotegemea. Aliniuliza mambo mengi: usingizi, chakula, chai vikombe vingapi, kama nimewahi kufikiria kujidhuru, kama kuna mtu katika ukoo aliyeugua hivi. Akasema huu ni ugonjwa wa wasiwasi, kwamba mwili unapiga kelele ya hatari mahali pasipo na hatari, na kwamba unatibika. Alipouliza kazi yangu, nilisema, "Biashara." Kila mtu Garissa hufanya biashara. Akaandika biashara. Shikeni neno hilo, litatusumbua sasa hivi.

Alinipa dawa ya kumeza jioni. Jina sitawatajia, kwa sababu nawajua: mtakwenda kuinunua. Dawa iliyomkataa Dahabo inaweza kumfaa Sahra, na iliyomfaa Dahabo inaweza kumsumbua Sahra. Anayepanga ni daktari aliyekuona wewe.

Nililala. Lo, nililala! Woga ukapungua makali, nikarudi sokoni, akina mama wakanipigia vigelegele. Nikasukutua, nikaonja, nikapitisha maziwa. Nilihisi mdomo ni mkavu, kama nimelamba vumbi la barabara ya Hulugho, lakini nikasema ni kiu.

Saa mbili asubuhi mwenye hoteli akaja mwenyewe, amebeba sufuria kubwa, ameishika kwa kanga mbili. Akaifunua mbele yangu. Chai ya wateja wote wa asubuhi ilikuwa imekatika, mabonge juu, maji chini. Maziwa yalikuwa yameanza kuchacha na mimi ndiye niliyeyapitisha. "Dahabo," aliniambia, wala hakupaza sauti, "umeonja au hukuonja?"

Nilikuwa nimeonja. Sikusikia kitu. Nikachukua maziwa ya kila mtungi uliobaki, nikaweka chini ya ulimi, na yote yalikuwa sawa, kama kuonja kitambaa. Mate hayakuwapo. Bila mate ulimi ni nyama tu.

Nilirudi nyumbani nikatupa dawa yote chooni. Msifanye hivyo. Mwili wangu ulishtuka, usingizi ukaondoka, na woga ukarudi na ndugu zake. Na nikaapa sirudi kwa yule daktari. Sababu yangu mtaiona ya kitoto: niliona haya. Nilidhani kumwambia mtu dawa yako haikunifaa ni kumtukana, kama kukataa chakula cha mwenyeji.

Eedo Barwaqo alikuja kunitazama. Alikaa kitandani pangu, akashika mguu wangu.

"Huyo daktari umemwambia habari ya ulimi?"

"Sijamwambia."

"Anajua unaonja maziwa?"

"Nilimwambia nafanya biashara."

Eedo akauachia mguu wangu. "Basi atajuaje? Kwani yeye ndiye jini?"

Nikarudi. Safari hii kwa uso wangu, kwa sababu nikabu ya jirani ilikuwa imedaiwa, na pia nilikuwa nimechoka kujificha.

Nataka mjue tulivyozungumza siku hiyo na Daktari Kendi, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipogeuka, na ni mazungumzo tu, hakuna muujiza. Nilipoingia nilianza kwa kuomba radhi. Akasema, "Mama, usiniombe radhi. Niambie kilichotokea."

Nikamwambia yote: ukavu, ulimi, sufuria ya chai, choo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kalamu chini.

"Unaonja maziwa? Hiyo ndiyo kazi yako?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Ningejua, nisingeanza na ile. Kukausha mdomo ni tabia yake. Mtu mwingine hukunywa maji akaendelea. Wewe imekushika palepale unapopatia riziki." Akavuta kiti karibu. "Sasa tuanze upya. Niambie kitu ambacho dawa isikuguse."

"Ulimi. Na pua."

"Na kitu unachokiogopa kuhusu dawa yenyewe?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikamwambia naogopa kuwa mtumwa wake. Naogopa kwamba nikitulia kwa kidonge, basi imani yangu ilikuwa pungufu. Na Ramadhani ilikuwa inakaribia, nitamezaje?

Hakunicheka. Alisema kuna dawa nyingine, haisinzishi kama ile, na watu wengi haiwakaushi mdomo, lakini akanieleza na ubaya wake: haifanyi kazi upesi, itachukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka na hata woga ukaongezeka kidogo kabla haujashuka. Ya Ramadhani alisema ni rahisi, ninameza mara moja kwa siku, nitahamishia baada ya futari. Ya utumwa, akasema tutaitazama pamoja mara kwa mara, na siku ya kuacha tutashuka ngazi kwa ngazi, si kwa kurukia chooni. Hapo ndipo yeye alipocheka, na mimi nikacheka. Ya imani alisema, "Hiyo si fani yangu, Mama. Muulize unayemwamini." Nilimuuliza imamu wetu. Akaniambia tafuta tiba, na aliyeumba ugonjwa ndiye aliyeumba dawa. Akaniuliza pia kama daktari huyo anatibu na wanaume.

Daktari alinipunguzia chai vilevile. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi, kali, kikombe juu ya kikombe, kabla ya kula chochote. Hilo liliniuma kuliko yote. Na akanielekeza kwa mshauri wa hapohapo, dada mpole, aliyenifundisha kupumua kwa kuvuta pole na kutoa pole zaidi, na kurudi sokoni kidogokidogo: leo mpaka lango, kesho mpaka kwenye vyombo, siku nyingine mpaka gari liingie.

Dawa ya pili nayo ilikuwa na vituko vyake. Siku za kwanza pua yangu ilikuwa kali kupita kiasi. Harufu ya maziwa, ambayo nimeishi nayo maisha yangu yote, ikawa inanitapisha. Hebu fikiria muuza maziwa anayekimbia maziwa! Ifrah alifunga duka la mdomo wake asicheke, akashindwa. Lakini sikuitupa. Nilimtuma Ifrah anishikie zamu, nikarudi kwa daktari siku ileile, nikamwambia, "Daktari, hii inataka kunitoa sokoni kwa mlango mwingine." Akapunguza ikawa nusu, akasema nimeze nikiwa nimekula, kisha tutaipandisha taratibu. Kichefuchefu kikaisha. Ulimi ukabaki wangu.

Mnataka kujua nilipona lini. Sijui. Mtu haoni. Ninachokumbuka ni kwamba mvua zilirudi na gari la Balambala likachelewa tena. Tulikuwa tumekaa kwenye vyombo, na mimi nilikuwa nabishana na mama mmoja kama ngamia mwekundu hutoa maziwa mengi kuliko mweupe. Tulibishana mpaka sauti zikapanda, watu wakasogea kusikiliza, mmoja akaapa kwa ngamia wa babu yake. Gari likaja likapiga honi nyuma yangu, nikageuka nikamfokea dereva, "Subiri, namaliza neno!" Ndipo Ifrah akanitazama kwa jinsi fulani, na mimi nikaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda mwendo wake. Nilikuwa nimesahau kuogopa.

Nilionja mitungi yote asubuhi ile. Mmoja niliukataa. Mwenye nao akakana, tukachemsha kidogo kwenye jiko la mama wa chai, yakakatika mbele ya watu wote. Sikuwahi kufurahia maziwa mabovu kama siku ile.

Msidhani hadithi iliishia hapo ikakaa vizuri. Tulipoona nimetulia muda mrefu, Daktari Kendi alinishusha polepole mpaka nikaacha. Nikaishi bila dawa. Kisha Eedo Barwaqo akafariki, Mungu amrehemu, na miezi michache baada ya matanga jasho likaanza tena. Safari hiyo sikungoja kubebwa. Nilikwenda kwa miguu yangu, tukaanza tena ileile kwa sababu tulishajua inaniafiki, na mpaka leo nameza kila jioni baada ya chakula. Sahra, umesikia? Nameza. Jirani yangu anameza ya sukari, mume wangu anameza ya presha, na sisi sote tunagombania jagi moja la maji.

Yule mke wa mwenye hoteli, yeye alipewa dawa tofauti kabisa na yangu, na wakati mmoja akapewa mazungumzo tu bila dawa. Tukikutana hatulinganishi vidonge. Tunaulizana, "Umemwambia daktari?" Ikiwa hujamwambia unalala mchana, unakunywa dawa za mitishamba, unatafuna miraa au una mimba, basi atamtibu mtu ambaye si wewe.

Nimalizie kwa jambo la majuzi. Kuna mfugaji wa upande wa Hulugho aliyekuwa akituletea maziwa zamani, mzee mrefu mwenye ndevu za hina, mtu asiyesema neno lisilo na kazi. Alinikuta nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Akasalimia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, mpaka habari zikaisha. Akabaki amesimama.

"Dahabo," akasema, "ule mlango wa hospitali. Mtu huingilia wapi?"

Sikumuuliza ni nani anayeumwa. Nilimwambia Jumatatu nina safari ya huko kuchukua dawa yangu, kama anataka tuongozane. Jumatatu akaja amevaa koti la harusi kwenye jua lile. Njiani nilimwambia jambo moja tu: daktari akikuuliza kazi, usiseme mifugo, ukanyamaza. Mwambie vile siku yako inavyokwenda.

Alikaa ndani muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshachukua dawa yangu, nimekaa kwenye benchi, nimezungumza na kila mgonjwa aliyepita. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka. Daktari aliyepo sasa ni kijana wa kiume, na mlango ulipofunguka nilimwona bado anaandika.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema nianze na kidogo, nirudi baada ya wiki mbili nimwambie imenifanyaje."

"Utarudi?"

Mzee alinyoosha koti lake. "Lazima nirudi. Nilikuwa nimefika katikati ya kumwelezea ngamia wangu, akasema foleni ni ndefu, nimalizie siku hiyo."